Mtambo wa umeme ni shabaha halali vitani? Niambie kwanza unapiga kipande gani, na unataka nini

SWALI: Mwalimu shikamoo. Kila nikifungua habari naona mtambo wa umeme umepigwa, mara kiwanda cha kusafisha mafuta kinawaka moto, upande mmoja unalia kwamba ni uhalifu wa kivita na mwingine unasema wanajeshi nao wanatumia umeme huohuo kwa hiyo ni halali. Ukweli ni upi? Na yule fundi anayetumwa kurekebisha baada ya shambulio, naye ni halali kupigwa?

Marahaba ndugu yangu. Nikupe jibu fupi kwanza afu tuchambue: hakuna mahali popote kwenye sheria za vita palipoandikwa kwamba mtambo wa umeme ni ruksa, wala palipoandikwa kwamba ni marufuku (mtambo wa nyuklia na bwawa vina habari yao, nitafika). Ukikutana na mtu anakwambia umeme ni halali siku zote au haramu siku zote, huyo anashabikia timu yake tu. Kinachoulizwa ni mtambo huu, kipande hiki, siku hii ya leo, ukiuharibu adui anapungukiwa nini vitani na raia wanaumia kiasi gani. Ukibadilisha kimoja tu hapo jibu linaweza kugeuka.

Kanuni yenyewe iko kwenye Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977, ile iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kifungu cha 52. Nchi zaidi ya 170 zimejiunga nayo. Marekani haimo, Israel haimo, ila hata wasiokuwemo wanakubali kwa ujumla kwamba kiini chake kinawabana. Kinasema hivi: kitu kinakuwa lengo la kijeshi kama kwa asili yake, mahali kilipo, kusudi lake au matumizi yake kinachangia kweli shughuli za kijeshi, NA pia kukiharibu, kwa hali ilivyo wakati huo, kunaleta faida ya kijeshi iliyo bayana. Hiyo NA ndo watu wengi wanairuka. "Wanajeshi wanatumia umeme huohuo" ni nusu ya kwanza tu, bado unadaiwa nusu ya pili. Na hata ukilipa zote mbili hujamaliza, maana inakuja hesabu ya uwiano, yaani madhara unayotarajia kwa raia yasizidi faida ya kijeshi unayotarajia, na inakuja tahadhari, yaani kama kuna njia ya kupata faida ileile kwa madhara madogo zaidi unatakiwa uitumie hiyo.

Nimefundisha maofisa mambo haya miaka mingi na kuna zoezi moja nalipenda. Nawachorea mji ubaoni. Kituo cha kufua umeme huku, kituo kikubwa cha kupoza umeme (kule zilipo transfoma) pale, afu laini tatu zinatoka: moja inaenda kwenye kambi yenye rada, moja inaenda hospitali na kwenye pampu za maji ya mji, ya tatu inaenda viwandani. Nauliza, unapiga wapi? Karibu kila darasa vidole vinaenda kwenye jumba la mitambo, kule zilipo jenereta, manake ndo jengo kubwa, lina bomba la moshi, kwenye picha ya angani linaonekana vizuri, unapiga na unarudi nyumbani unasema nimepiga. Sasa siku moja kapteni mmoja, mtu mkimya, hajaongea asubuhi nzima, akaniuliza, "Mwalimu, mi rada nataka izime kwa muda gani?" Nikamwambia saa nane za usiku mmoja, ndege zako zipite. Akasimama akaja ubaoni akachora alama ya X kwenye laini moja tu, ile ya kambini, karibu kabisa na uzio wa kambi.

Huyo alishinda zoezi. Ila na mimi nilimwongezea kitu: rada ya maana huwa ina jenereta yake pembeni na mafuta ya siku kadhaa. Hili ni jambo ambalo kwenye mabishano mtandaoni halisemwi kabisa. Jeshi ndo la kwanza kuwa na umeme wa akiba na ndo la kwanza kupewa dizeli ikiadimika. Ukizima gridi ya taifa nzima, anayekaa gizani wa kwanza ni mama mwenye mgonjwa wa figo, na askari ni wa mwisho. Kwa hiyo ile faida ya kijeshi ambayo kwenye karatasi inaonekana kubwa mara nyingi inayeyuka ukiikaribia, wakati madhara ya raia yanakua kila siku inayopita.

Na yanakuaje? Hapa naomba utulie kidogo maana ndo moyo wa jambo. Umeme ukikatika kwenye pampu za maji, presha ndani ya mabomba inashuka. Bomba lolote la mji lina nyufa, hakuna mji usio na mabomba yanayovuja. Presha ikiwepo, maji safi yanatoka nje kupitia zile nyufa, ni hasara lakini hayana madhara. Presha ikiondoka inakuwa kinyume, bomba linavuta kilichopo kwenye udongo nje yake, na pembeni ya bomba la maji safi mara nyingi limepita bomba la maji taka, ambalo nalo limejaa kwa sababu pampu zake zimezima. Kwa hiyo siku umeme unarudi na watu wanashangilia wakafungua bomba, kinachotoka pale sio maji tena. Wiki mbili tatu baadaye unahesabu watoto wanaoharisha. Hakuna kombora lililowagusa hao.

Iraq mwaka 1991 ndo darasa kubwa la hili. Kuanzia usiku wa kwanza, Januari 17, muungano ulioongozwa na Marekani uliupiga mfumo wa umeme, baadhi ya makombora ya Tomahawk yalibeba nyuzi nyembamba za kaboni zinazoangukia nyaya na kupiga shoti bila kubomoa kitu. Ndani ya siku chache gridi karibu yote ikaanguka. Mitambo ya kusafisha maji taka Baghdad ikasimama na uchafu ukawa unamwagika mto Tigris, mto huohuo watu walikuwa wanachota. Na kuna kitu kinachoniuma mpaka leo kila nikikifundisha: wapangaji wa juu walikuwa wameelekeza wapigaji waende kwenye transfoma na swichi, wasiguse majumba ya jenereta, ili nchi iweze kurudisha umeme haraka baada ya vita, ila majumba ya jenereta yakapigwa vilevile. Mpango wa tahadhari ulikuwepo kwenye karatasi lakini haukufika kwa aliyebeba bomu.

Na usidhani transfoma nazo ni kitu cha kubadilisha kesho yake. Transfoma kubwa za gridi zinaweza kuwa na uzito wa tani mia na zaidi, kubwa kabisa zinafika mia tatu au nne, zinatengenezwa kwa oda kwa kipimo cha kituo husika, hazikai dukani, unasubiri mwaka au zaidi na hapo bado hujatafuta meli na barabara ya kuibeba. Kwa hiyo anayesema "tumepiga kituo cha kupoza tu, sio mtambo" naye aulizwe vizuri.

Kabla ya 1991 kamanda angeweza kusema hakujua. Vitabu vya zamani vya kijeshi vilikuwa vinataja mitambo ya umeme kama mfano wa kawaida wa lengo la kijeshi, na kwenye Vita Kuu ya Pili karibu hakuna aliyejisumbua kuuliza. Leo sheria inapima madhara aliyotarajia kamanda au aliyopaswa kuyatarajia, na mimi kwa upande wangu naona hakuna afisa wa mipango aliyesoma anayeweza kudai kwamba hakutarajia maji kukatika umeme ukikatika. Hii ni tafsiri yangu, wapo wenzangu wanaosema madhara ya mnyororo mrefu hivo hayahesabiwi kwenye uwiano, hoja yao ni kwamba kamanda hawezi kufuatilia kila kitu mpaka mwisho. Mi nawauliza, mnyororo wenyewe una urefu gani? Umeme, pampu, bomba. Ni hatua tatu.

Nikupe kesi moja ambayo iliamuliwa kabisa, sio maoni ya watu kwenye televisheni. Vita vya Ethiopia na Eritrea. Mei 28, 2000, ndege za Ethiopia zilipiga kituo cha umeme cha Hirgigo karibu na Massawa, Eritrea. Kilikuwa kipya, bado kiko kwenye majaribio, hakijaanza hata kazi rasmi. Baada ya vita ikaundwa tume ya madai, na Desemba 2005 ikatoa uamuzi: kwa wingi wa wajumbe ikasema kituo kile kilikuwa lengo halali, kwa sababu mitambo ya umeme kwa kawaida ina umuhimu kwa uwezo wa nchi kupigana, isipokuwa ile iliyojitenga na gridi na inahudumia mambo kama hospitali tu. Mwenyekiti wa tume, Hans van Houtte, hakukubaliana nao, yeye aliona faida bayana ya kijeshi haikuthibitishwa. Uamuzi huohuo, ndani ya makaratasi yaleyale, ukaitia Ethiopia hatiani kwa kuipiga hifadhi ya maji ya Harsile inayohudumia mji wa Assab mwaka 1999 na 2000. Eritrea haikuwa hata mwanachama wa ile Itifaki, tume ikasema haijalishi, kukataza kushambulia maji ya kunywa ya raia kumeshakuwa sheria ya kimila, inambana kila mtu.

Unaona hapo? Maji, hatia. Umeme unaosukuma maji, halali. Mi naheshimu tume lakini hapo naona walikata mti wakaacha kutazama unaangukia wapi. Na kuna sentensi yao inayosumbua zaidi, walisema hasara ya kiuchumi inayotokana na kupiga lengo la kijeshi ni njia halali ya kupata faida, na kwamba shinikizo la kumaliza vita ni faida iliyo wazi kabisa. Sasa ndugu yangu, ukikubali kwamba shinikizo ni faida ya kijeshi, umebakiza nini? Shule inaleta shinikizo. Mkate unaleta shinikizo. Kila kinachomuuma raia kinamshinikiza kiongozi wake. Walioandika Itifaki ile 1977 walichagua neno "kijeshi" makusudi, wakakataa faida ya kisiasa.

Hata wakubwa wamewahi kuteleza hapohapo. 1999, NATO ilipokuwa inaipiga Yugoslavia ya rais Milošević kwa ajili ya Kosovo, usiku wa Mei 2 walidondosha mabomu ya nyuzi za grafiti na takriban asilimia 70 ya Serbia ikawa giza. Umeme ukarudi baada ya muda mfupi, na kama wangeishia hapo ningesema huo ni mfano mzuri wa kutumia silaha yenye madhara madogo. Ila baadaye mwezi huohuo wakaja na mabomu ya kawaida kwenye vituo, na msemaji wao Jamie Shea akaeleza hadharani kwamba Milošević akitaka watu wake wote wapate maji na umeme basi akubali masharti ya NATO. Mwanasheria wa jeshi akisikia kauli ya namna hiyo anashika kichwa, kwa sababu umeshasema mwenyewe kwamba unachotafuta sio rada, unatafuta watu wachoke.

Ndo maana kesi ya Ukraine ina uzito wake kwenye fani. Kuanzia Oktoba 10, 2022 Urusi ilianza kurusha makombora na droni kwenye mitambo na vituo vya kupoza umeme nchi nzima, majira ya baridi yanaingia. Machi 5, 2024 mahakama ya ICC ikatoa hati za kukamatwa kwa Sergei Kobylash wa kikosi cha ndege za masafa marefu na Viktor Sokolov aliyekuwa anaongoza manowari za Bahari Nyeusi, afu Juni mwaka huohuo kwa Sergei Shoigu, aliyekuwa waziri wa ulinzi, na Valery Gerasimov, mkuu wa majeshi wakati huo. Hati sio hukumu, hilo tuliweke wazi. Ila tazama majaji walivyojenga hoja. Walisema kuna sababu za kuamini kwamba mashambulizi yalielekezwa kwenye vitu vya raia, na hata kwa vile vituo ambavyo huenda vilikuwa na sifa ya lengo la kijeshi, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalizidi waziwazi faida iliyotarajiwa. Yaani ukijitetea kwamba "wanajeshi nao wanautumia" bado mlango wa pili umefungwa.

Mafuta sasa. Mafuta ni rahisi zaidi kuliko umeme, naweza kupita haraka. Kiwanda kinachosafisha dizeli ya vifaru na mafuta ya ndege za kivita ni lengo la kijeshi, na hilo halina mjadala mkubwa tangu 1944 pale Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) walipoviandama viwanda vya mafuta vya Ujerumani mpaka marubani wapya wa Kijerumani wakakosa mafuta ya kujifunzia kuruka. Mgogoro uko kwenye mafuta ya kuuza nje, ambayo mchango wake ni hela tu. Marekani inasema kinachoendesha vita kwa fedha nacho ni lengo, wengi duniani hawakubali, na mimi nipo na hao wengi, kwa sababu ukifuata hela utafika mpaka shambani. Ila hata kwa mtazamo wao tahadhari haifutiki: Novemba 2015 walipoenda kupiga malori ya mafuta ya kundi la Dola la Kiislamu kule Syria, 116 yaliteketezwa, walitangulia kudondosha vikaratasi kama dakika 45 kabla kuwaambia madereva washuke wakimbie. Dereva wa lori la mafuta anaweza kuwa raia kabisa, anatafuta riziki.

Nyuklia na mabwawa ndo sehemu pekee ambayo sheria imeingia kwa undani, kifungu cha 56. Hata kama ni lengo la kijeshi huruhusiwi kulipiga ikiwa litaachia mafuriko au mionzi yenye kuua raia wengi. Ulinzi huo wa mtambo wa nyuklia unaondoka pale tu unapolipatia jeshi umeme kwa msaada wa mara kwa mara, mkubwa na wa moja kwa moja, na hakuna njia nyingine yoyote ya kuukata. Kwa vitendo njia nyingine karibu siku zote ipo, unakata laini nje ya kituo. Walioandika kifungu kile walikuwa na kumbukumbu za bwawa la Möhne kule Ujerumani, Mei 1943, Waingereza walilipasua na zaidi ya watu 1,000 wakafa bondeni, wengi wakiwa vibarua wa kulazimishwa kutoka nchi nyingine, wala hawakuwa Wajerumani. Afu linganisha na Lang Chi, Vietnam ya Kaskazini, Juni 1972, Wamarekani walitumia mabomu ya leza wakapiga jumba la jenereta lililokaa chini ya bwawa, jenereta zikafa, ukuta wa bwawa ukabaki umesimama. Miaka mitano kabla ya Itifaki kuandikwa, wakati zile bomu za leza bado ni kitu kipya. Kwa hiyo mtu leo mwenye silaha kali kuliko zile asiniambie haiwezekani.

Ila na kukata laini nako kwa kituo cha nyuklia kuna mtego wake. Zaporizhzhia, kituo cha nyuklia cha Ukraine, ina vinu sita, na hata vikiwa vimezimwa vinahitaji umeme kutoka nje kupoza mafuta ya nyuklia. Laini za kule zimekatika zote mara kadhaa tangu 2022 na kituo kikaponea kwenye jenereta za dizeli. Kwa hiyo hapo hata nguzo ya umeme iliyo kilomita nyingi kutoka kwenye kinu inabidi uifikirie mara mbili.

Kabla sijafika kwa fundi wako, najua kuna mtu atasema "wao ndo walianza kupiga umeme wetu". Haisaidii. Itifaki inakataza kulipiza kisasi kwenye vitu vya raia, adui akivunja sheria wewe hujapewa leseni. Na kinyume chake pia kinasemwa sana, kwamba adui kaweka mizinga ndani ya uwanja wa mtambo. Kweli huyo anavunja wajibu wake wa kuwatenga raia na vita, na mizinga yake inapigika, lakini mahesabu yako ya uwiano yanabaki palepale kwa sababu watu wa mji hawakumtuma aiweke.

Sasa fundi. Fundi wa umeme wa shirika la umeme ni raia. Akiwa ndani ya mtambo ambao ni lengo halali, bado ni raia, anaingia kwenye hesabu ya madhara kama mtu mwingine yeyote, ingawa yuko hatarini zaidi. Kurudisha umeme wa mji sio kushiriki vita. Kuna tabia ya kupiga kituo, kusubiri nusu saa mpaka mafundi na zimamoto wafike, afu kupiga tena palepale. Kombora la kwanza unaweza kulitetea ukiwa na ushahidi wa faida ya kijeshi. Lile la pili, lililopangwa dakika zake ili liwakute watu wamepanda ngazi na vikoti vyao vya kuakisi mwanga, mimi sijawahi kuona hoja ya kulitetea.